Chumvi Iliyopanda Kilimani

Siku moja naikumbuka, mwanangu Neema, kuliko siku zote nilizokaa katika ile kazi: siku niliyokataa kwenda kuona ng'ombe. Utacheka, najua. Utasema mzee ameanza kupotea. Lakini wiki iliyopita ulikuja hapa nyumbani na simu mpya na daftari, ukaniambia umepata kazi ya kukusanya habari za usalama sokoni, ukaniuliza, "Baba mukubwa, wewe ulitumika hii kazi miaka mingi. Muntu mubaya tunamujuaka na nini?" Nikakuomba muda nifikiri. Sasa nimefikiri, na jibu langu linaanza na wale ng'ombe.

Unajua kwamba sisi wa Walikale ni watu wa pori. Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa mwindaji wa nyavu, na mbwa wake walivaa kengele za mbao shingoni. Mimi nilikimbilia shule. Nilipomaliza, serikali ilinichukua, wakanifundisha kuchambua habari, wakanituma Masisi. Wewe na wenzako mnadhani mtu wa ujasusi anavaa miwani myeusi na kujificha nyuma ya milango. Mimi nilikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, ramani ukutani na rundo la karatasi. Watu wetu wa vijijini na sokoni walituletea maneno, nami nilikaa nayo mpaka yaseme kitu. Kila mtu aliyetiliwa shaka alikuwa na karatasi yake, tuliita fishi, na chini ya fishi palikuwa na mstari wa kuandika yeye ni nani: raia, gaidi, au msaidizi wa magaidi. Mstari ule niliujaza kwa mkono wangu.

Usifikiri tulikuwa tunacheza. Watu wenye silaha walikuwepo kweli vilimani, na walichoma nyumba za watu, na mimi nimezika watu niliowajua. Kujua walipo kulikuwa ni kuokoa kijiji. Nilikuwa na njia yangu mwenyewe, nikaijivunia mno. Nilifuata chumvi. Mtu wa porini anaweza kuiba muhogo shambani, anaweza kuiba mbuzi, lakini chumvi hailimwi, lazima mtu ashuke sokoni kuinunua. Mahali ambapo hakuna duka wala nyumba nyingi, na chumvi nyingi inapanda kwenda huko, pana watu wengi wanaokula bila kuonekana. Mara moja, upande wa Ngungu, njia hiyo ilitupeleka moja kwa moja kwenye kambi yao kabla hawajashuka kijijini. Wakubwa walinipongeza mbele ya watu. Kuanzia hapo nilivimba kichwa, mwanangu, nakuambia bila kuficha.

Msimu mmoja wa mvua gari letu lilizama kwenye matope kabla ya kufika Nyamitaba. Dereva alibaki na gari, mimi nikapanda kilima kutafuta msaada, nimelowa mpaka mifupa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aitwaye Papa Anselme, mfugaji, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na mkewe Mama Espérance. Hawakuniuliza ninafanya kazi gani. Mama Espérance alinivua koti akalianika juu ya moto, akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mimi nilikuwa sijawahi kunywa maziwa ya namna ile. Huku kwetu hakuna ng'ombe, tunajua ya unga. Nilikunywa kikombe cha kwanza kwa adabu, cha pili kwa tamaa, cha tatu sikungoja kukaribishwa.

Barabara haikupitika siku mbili, basi nikakaa pale siku mbili. Mzee alinipenda bila sababu. Aliniita "mutoto ya Walikale," akanitania tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu aligundua kitu ambacho nilitaka kukificha: nilikuwa naogopa ng'ombe.

"Unasema ulikulia mu pori na chui," aliniambia, "na sasa unakimbia muzazi wa maziwa yenye unakunywa."

Siku ya pili mvua ilipotulia alichukua fimbo yake na mfuko mdogo, akasimama mlangoni. "Kuya tupande, nikuoneshe ngombe zangu. Ni saa yao."

Nilitazama matope. Nilikumbuka pembe. Nikamwambia mguu unaniuma. Hakunilazimisha. Alitoka kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama malisho, nami nikabaki jikoni na Mama Espérance tukimenya viazi. Angalia jinsi jambo kubwa linavyokuja limevaa nguo za kawaida. Kama ningetembea naye nusu saa tu siku ile, nisingekuwa na la kukuandikia leo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mtu wetu wa soko la Nyamitaba alileta habari: kuna mzee anayenunua chumvi mifuko sita kwa mara moja, anapakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na chukudu inapandishwa kwenye kilima kisicho na duka wala kijiji, nyasi tupu. Amefanya hivyo mara tatu. Jina lake Anselme.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Mke na mume peke yao, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, mifuko sita. Hesabu yangu ya Ngungu ilikuwa inalia kichwani. Sauti nyingine iliniambia: huyu unamjua, panda pikipiki, nenda ukamuulize, utafika kabla ya chakula cha mchana. Sauti hiyo niliinyamazisha. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, Neema, kwa sababu watu wanadhani tunawaumiza wale tunaowachukia. Mimi nilimuandika Papa Anselme kwa sababu nilimpenda. Niliogopa wenzangu wa buro, ofisi yetu, watasema maziwa yamenifumba macho. Niliogopa hata kujisemea mwenyewe kwamba namtetea. Basi nikamuandika kwa ukali kuliko ambavyo ningemuandika mtu nisiyemjua.

Kwenye mstari wa chini niliandika: msaidizi wa magaidi. Na kwa kuwa niliijua nyumba, nikaichora. Nikaweka mlango wa mbele, jiko, chumba cha kulala, na mlango wa nyuma unaotazama malisho, nikaandika pembeni kwamba mtu anaweza kukimbilia huko. Nilichora vizuri sana. Mkubwa wetu aliisifu ile ramani.

Askari walipanda. Walimchukua Papa Anselme na chumvi yake, wakafunga kilima, mtu asipite. Hawakukuta kambi, wakasema magaidi wamekwisha kuhama. Mimi nikapewa likizo ya wiki mbili kama asante, nikarudi huku Walikale na kilo ya sukari kwa mama na tochi mpya kwa babu yako.

Nilimhadithia babu yako habari yote huku akishona wavu uani. Nilimhadithia kwa majivuno, sina haja ya kukudanganya. Nilipofika kwenye mifuko sita, mikono yake ilisimama.

"Huyu muntu iko na nini kule juu?"

"Iko na ngombe, Papa. Nyingi. Lakini ngombe ni nyasi ndiyo zinakulaka."

Babu yako hakuwahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe maisha yake yote. "Ukingali mudogo," akasema, "nilikupelekaka kungojea paa na nyati fasi gani?"

Nikajibu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ku ule udongo ya chumvi, karibu na muto."

"Nyama ilikuwa inakuya kufanya nini pale?"

Nilikuwa nimewaona wanyama wale kwa macho yangu, Neema. Nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya baba yangu, upepo ukitupiga usoni, nikaona nyati mkubwa amepiga magoti analamba udongo, na baba akaninong'oneza kwamba kila chenye kwato kinatamani chumvi, kinaweza kutembea siku nzima kuitafuta. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Nililisahau kwa sababu nilikuwa nimekaa mezani, na mezani nilikuwa nimejifunza kwamba chumvi ni ya watu wenye bunduki.

"Sisi majani ikitikisika hatutupe mukuki," babu yako akasema. "Tunangojaka mupaka tuone muguu. Wewe umetupa mukuki mu majani, na mule mulikuwa muntu mwenye alikupa kula." Akarudi kwenye wavu wake. Hakunigombeza tena, wala hakuiwasha ile tochi hata siku moja.

Sikumaliza likizo. Nilirudi Masisi nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu, nikamwambia chumvi ni ya ng'ombe, wafugaji huwapa ng'ombe chumvi, kila mtoto wa Nyamitaba anajua, sisi tu wa buro ndio hatukumuuliza hata mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, "Karatasi imeishaenda juu. Unataka niandikie wakubwa nini? Kama tulisahau ngombe?"

Nikaandika mimi. Niliandika karatasi ya pili, nikatia sahihi yangu peke yangu, nikaipeleka mkononi mpaka kwenye kambi ya askari alikofungwa. Nilikaa kwenye lango siku tatu. Kuandika kwamba mtu ni msaidizi wa magaidi kulinichukua asubuhi moja. Kuandika kwamba si msaidizi, na kupata mtu wa kuisoma, kulichukua wiki saba. Siku waliyomtoa nilikuwa safarini kutafuta sahihi nyingine, sikumuona akitoka.

Nilipanda Nyamitaba siku chache baadaye, kwa miguu, peke yangu. Mama Espérance alinifungulia. Alinitazama, akaingia ndani, nikadhani anakwenda kuleta fimbo. Akaleta kikombe. Maziwa yalikuwa robo tu, na nikaelewa kwa nini nilipoona malisho: ng'ombe waliokuwa wamejaa kilima kizima walikuwa wamebaki watano. Kilima kilipofungwa hapakuwa na wa kuwachunga, wengine walipotea, wengine walichukuliwa na watu ambao hakuna aliyetaka kuwataja.

Papa Anselme alikuwa amekaa jikoni, mkono wa kulia juu ya goti. Nikapiga magoti mbele yake nikaanza kusema yote. Akanikatiza.

"Ninajua. Askari aliniuliza mulango ya nyuma iko wapi, kabla hata ya kufika ku nyumba. Wageni wenye wanajua ule mulango si wengi."

Nikalia. Sikulia kiume, nililia tu. Yeye akangoja nimalize. Kisha akauliza swali moja, na sauti yake ilikuwa ileile ndogo, haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo.

"Sababu ya nini hukuniuliza?"

Ningeweza kumtajia Ngungu, na wakubwa, na vita. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kuonekana nampenda. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

"Kuya," akasema. Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Safari hii sikusema mguu unauma. Ng'ombe watano walipomwona walikuja wenyewe, mimi nikajibanza nyuma yake. Akanipa mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na chumvi, labda viganja viwili.

"Mukono yangu haikamate tena," akasema, akanionyesha. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havifumbi. Jinsi vilivyovunjika hakunihadithia, nami sikuthubutu kuuliza. "Kamata wewe."

Nikamimina chumvi kwenye kiganja nikakinyoosha huku nimefumba macho. Ulimi wa ng'ombe unakwaruza kama msasa, na una joto. Ulinilamba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilipofumbua macho mzee alikuwa ananitazama mimi, hamtazami ng'ombe.

"Sasa," akasema, "andika na hii."

Nimeiandika mara ngapi, mwanangu. Niliiandika kwenye ripoti na wakaicheka. Niliwahadithia vijana waliokuja baada yangu, wengine walielewa, wengine walisinzia. Sikuacha kazi siku ile, kama ningekuambia niliacha ningekuwa najipamba. Niliendelea miaka mingine mingi, lakini tangu hapo hakuna jina lililopita kwenye meza yangu kabla mtu hajakwenda kuuliza, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Wenzangu walipanda vyeo. Mimi walinipa jina, Bwana Chumvi, nikalizoea.

Kila kiangazi nilikuwa napanda kwa Papa Anselme na mfuko wa chumvi begani. Tulikuwa tunakaa kwenye nyasi bila maneno mengi. Alinisamehe? Hakuwahi kulitamka neno hilo, lakini alirudi kunitania. Ng'ombe walifika tisa. Mmoja, jike mwekundu, alikuwa akinijua kabisa, alikuwa akinifuata mpaka mlangoni, na mzee akasema huyo ndiye bibi harusi wangu, nitoe mahari.

Halafu vita vikageuka tena, barabara ikafungwa, nami nikastaafu nikarudi huku kwenu. Simu ya Mama Espérance iliita mara moja ya mwisho, nikasikia upepo na sauti za watu wengi wakitembea, kisha ikakatika. Tangu hapo haipatikani. Naambiwa kile kilima hakina mtu. Naambiwa wengine walielekea upande huu wa Walikale. Wewe huwa unaniuliza kwa nini kila wakimbizi wakifika barabarani mimi natoka na fimbo yangu nasimama mpaka wa mwisho apite. Nawatazama mikono.

Natamani yale maziwa yenye harufu ya moshi, Neema. Natamani kutaniwa. Dada yako akiweka chumvi kwenye mboga mbele yangu, moyo wangu unapanda Nyamitaba peke yake na kuniacha nimeshika kijiko. Mtu wa umri wangu anapaswa kutamani mbingu, na mimi natamani kilima kile chenye matope, na mzee amesimama mlangoni, aniambie twende tuone ng'ombe, nami nijibu ndiyo.

Sasa swali lako. Uliniambia kuna mama mmoja sokoni anayenunua betri za tochi nyingi kila wiki, na kwamba jina lake limo kwenye daftari lako, na kwamba Ijumaa unatakiwa kutuma orodha. Ulisema hayo macho yako yaking'aa. Mimi sijui betri zile ni za nini. Huenda ni za watu wabaya, wapo, na kama ni hivyo kazi yako ni kusema, usimwonee mtu haya. Lakini na wewe hujui, na yule mama anauza mihogo hatua hamsini kutoka unapokaa. Kabla ya Ijumaa mwendee. Mnunulie muhogo, mwite Mama, keti chini, muulize. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka mimi niliona aibu. Akikuambia twende nikuonyeshe, nenda, hata kama kuna matope, hata kama kuna kitu unachokiogopa huko. Na ukimpenda mtu, usimuongezee ukali ili watu wakusifu. Muulize kama unavyomuuliza mwingine, basi.

Nina ombi moja pia. Kazi yako itakupitisha kwenye kambi za wakimbizi kuliko miguu yangu inavyoweza. Ukikutana na mzee mrefu mwenye sauti ndogo, vidole vya mkono wa kulia havifumbi, weka daftari chini. Usimuandike. Mpe kiti, mpe maji, na umtume mtu aje kuniita mbio.

Mungu akupe miguu ya kufika na mdomo wa kuuliza, mwanangu. Akulinde na wenye bunduki, akulinde na kalamu yako mwenyewe. Na siku utakayoiweka chini, urudi nyumbani pasiwe na kilima hata kimoja ambacho utaogopa kukipanda.